Mazoezi Yenye Harufu ya Iliki

Nisiwafiche jamani, nimeumbuka. Nesi aliniambia presha imepanda, nipunguze mafuta na nitembee kila asubuhi. Basi nyumbani Tangini nikapiga marufuku vitumbua, hata watoto wakaninunia. Mume wangu akanisifia mpaka kwao Marui, na mama mkwe akaja kujifunza kwangu.

Jana tukatoka wawili. Nikapita njia nyingine makusudi, huku nikimhubiria faida za mchicha. Mara nyuma yetu muuza vitumbua huyo anakuja mbio, mfuko mkononi.

"Dada! Leo mbona umenikimbia? Vitano vyako vya kila siku hivi hapa, bado vya moto!"

Mama mkwe akapokea mfuko, akang'ata kimoja.

"Kumbe mazoezi yenyewe ndiyo haya? Haya hata mimi nayaweza, mwanangu!"