Mabibo Yetu, Pakiti Zake

Mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulianza kukausha mabibo, yale matunda ya mkorosho, hapa Newala kwa sababu kila msimu wa korosho tuliyaona yakioza chini ya mikorosho. Watu walichukua korosho, mabibo wakayaachia nzi na wapika pombe. Ilituchukua misimu mitatu kuushinda ule ukakasi unaokwaruza koo. Wifi ndiye aliyegundua kwamba yakilowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuwekwa kwenye mvuke, yanalainika na kubaki matamu. Kanisani tuliyauza baada ya ibada, na watoto wa msikiti wa jirani wakawa wateja wetu wakubwa.

Kisha tukaitwa semina Masasi. Tuliambiwa kwamba biashara ndogo hufa kwa kujifungia, kwamba anayefungua milango na kubadilishana ujuzi na wenzake ndiye anayepata faida. Tuliamini. Hapo ndipo tulipokutana na mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu mpole, aliyenisalimu shikamoo ingawa tulikaribia kulingana umri. Akasema yeye anajua mambo ya vifungashio na masoko, sisi tunajua mabibo, basi tushirikiane.

Alikuja Newala mara kadhaa. Alikaa jikoni kwetu, akaonja, akauliza. Wifi alimwonyesha kila kitu, hata kiasi cha chumvi. Naye hakutudanganya mwanzoni: alituletea mifuko mizuri, akatutafutia maduka Mtwara. Mwaka ule tuliezeka bati, na wifi akamrudisha binti yake shule.

Msimu uliofuata hakuonekana. Tulipoteremka Makote kununua mabibo, wakulima tuliowazoea walitwambia yamekwisha kununuliwa, gari limeyachukua asubuhi. Baadaye tukasikia yule mfanyabiashara amejenga kiwanda Lisekese, kule Masasi. Maduka yetu ya Mtwara yakajaa pakiti zake. Nilinunua moja, nikampa wifi. Akatafuna polepole, akasema ni chumvi yake ile ile.

Nilikwenda kiwandani peke yangu. Alinikaribisha vizuri, akaagiza soda. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mama, maarifa hayana mwenyewe," akasema. "Na nyinyi mlijifunza kwangu."

Mifuko ilikuwa yake kweli. Lakini mfuko unanunuliwa dukani. Ile chumvi tuliipata kwa misimu mitatu ya kutupa chakula.

Mwaka jana niliitwa tena Masasi, nitoe ushuhuda wa ushirikiano uliofanikiwa. Yeye alikaa mstari wa mbele. Nikasimama, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila kupaza sauti. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu, akasema sasa ni wakati wa chai. Mtu mmoja kwenye foleni ya chai aliniambia, kwa nia njema, kwamba nilipaswa kuwa na mkataba.

Wifi sasa anafanya kazi kule Lisekese, kwenye idara ya kuloweka. Aliniaga akiwa ameshafunga mzigo, akasema binti bado ana miaka miwili ya shule. Sikumzuia. Akija mwisho wa mwezi ananiletea sukari na mafuta, nami namwandalia ugali na kisamvu. Wasimamizi wake, ananiambia, ni vijana waliopewa mafunzo, na wanamfundisha namna ya kuloweka mabibo.