Kitambaa cha Gofu

Kaka yangu alirudi Itigi na gofu yake ikiwa ndani ya maboksi. Miaka mingi alikuwa Dar es Salaam, mwanzo akibeba mifuko ya wachezaji, baadaye akiwafundisha kupiga. Mwanafunzi wake mmoja, mgeni aliyekuwa anahama nchi, akamwachia mtambo wa kuchezea gofu ndani ya nyumba: projekta, kompyuta, na kijidude cha kuweka sakafuni kinachopima mpira umeondoka kwa kasi gani na umeelekea wapi. Unapiga mpira wa kweli kwa fimbo ya kweli, unagonga kitambaa kilichotundikwa mbele yako, kisha picha ya mpira inaendelea kuruka kwenye kitambaa hichohicho, juu ya majani mabichi ya nchi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuikanyaga. Kila kitu kilikuwemo kwenye maboksi isipokuwa kitambaa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hapakuwa na mjadala.

Chumba tulikuwa nacho, ghala la alizeti la marehemu baba, refu na lenye paa la juu. Kaka alikuwa amefiwa na mkewe na watoto wake wanajitegemea, akaja kukaa nami hapo nyumbani. Alisema atafundisha. Walimu, watumishi wa halmashauri, yeyote atakayetaka. Nilimuuliza ni nani Itigi atakayetaka gofu. Akanijibu kwamba hata soka kuna siku halikuwepo. Nikaenda kupima ukuta.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa cheupe. Nilikunja marekani nzito mara mbili, nikaishona pindo pande zote, tukaitundika ikiwa imelegea kidogo ili mpira usirudi kumpiga mtu usoni. Akawasha projekta. Mimi niliona picha safi, hata vivuli vya miti na bwawa ambalo mchezaji hatakiwi kuangushia mpira. Yeye akasogea, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Inang'aa mno," akasema. "Inaniumiza macho."

Akanieleza kwa utulivu wa mwalimu kwamba nyeupe ni ya chumba chenye giza, na chumba chenye mwanga kinataka kijivu, kwa sababu kijivu kinatunza weusi wa picha. Mwanga wenyewe ulikuwa wa dirisha moja. Nililiziba kwa magunia. Akasema bado.

Nikaenda Singida mjini kutafuta kijivu kizito. Nilikipata, nikakishona, tukakitundika. Asubuhi alikisifu. Jioni akasema majani yamekuwa majivu na bendera inayoonyesha shimo la mpira haionekani. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake nikimenya karanga, na bendera nilikuwa naiona, nyekundu, imesimama pale pale ilipokuwa. Nikajisemea kwamba mtu akikaa mjini muda mrefu anajifunza kudeka. Kwetu kuna msemo, mchagua jembe si mkulima, lakini mdogo hamwambii mkubwa wake msemo kama huo. Nikaendelea na karanga.

Cha tatu kilikuwa rangi ya maziwa. Hapo nilikuwa na sare za shule zimenijaa mezani, na hasira nilikuwa nayo, sitaificha.

"Kaka, hiki ndicho cha mwisho," nikamwambia.

"Mdogo wangu, kwenye mchezo huu rangi ndiyo kila kitu. Usipoona unakopeleka mpira, unapiga nini?"

Wiki hiyohiyo alituchekesha. Asubuhi msichana anayetuuzia maandazi aliingia uani na beseni lake, na kabla hajafungua kinywa, kaka akainuka kwenye kiti kwa heshima zote akamwambia, "Shikamoo." Mtu wa mvi, anamwamkia binti ambaye hajafikisha hata miaka ishirini. Msichana alibabaika, hakujua aitikie au akimbie, akaweka beseni chini na kupiga magoti kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Kaka akacheka, akasema alikuwa anamtania. Tukacheka wote. Maandazi siku hiyo tulipewa nyongeza.

Kitambaa cha rangi ya maziwa nacho kikawa na kasoro. Pembeni kina ukungu, akasema, sijui nimekishona vipi. Akaanza kuulizia cheusi.

Siku hiyo alikuwepo mtani wetu, mzee mwenye asili ya upande wa Tabora, anayenunua asali kwa warina wa hapa. Mtani kwetu ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kukamata mali yako na usirudishiwe mpaka uikomboe kwa alichotaka, na ukikasirika ni wewe uliyekosa adabu. Aliketi juu ya dumu akamtazama kaka akipiga mipira mitatu, kisha akaangua kicheko.

"Mtani, wewe ni kipofu! Bendera iko kule, wewe unapiga huku. Unamsumbua dada wa watu na vitambaa. Hata angekushonea cha dhahabu usingekiona!"

Wote tukacheka. Mtani akainuka, akampokonya fimbo.

"Hii nimeikamata. Ukitaka kuikomboa, nenda kapime macho. Sitaki mbuzi, sitaki pombe. Nataka cheti cha daktari."

Tukacheka tena, ila nilipomgeukia kaka nikaona hacheki. Alikuwa ameshika kitambaa changu kwa vidole viwili, anakipapasa pindo. Kicheko kikanikauka. Akilini nilimwona tena msichana wa maandazi akiwa amepiga magoti, nikayaelewa yote kwa pamoja. Niliogopa sana.

Kama ningemwambia mimi, angenifokea. Kama angemwambia mwanawe, angemwita mjuaji. Mtani huwezi kumbishia. Kaka akafunga mfuko, tukapanda treni ya Dodoma.

Daktari alikuwa mpole na hakuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha siku nyingi, na alichopoteza katika la kulia hakirudi. Dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki, ambacho ni kuona kwa katikati tu. Kaka akauliza swali moja, kama kuna rangi anayoweza kuiona vizuri zaidi. Daktari akamwambia tatizo halipo kwenye rangi.

Njiani kurudi alishika chupa ya matone mkononi. Nami nilitazama vichaka vya Itigi vikipita dirishani na sikutaka kumwuliza vinaonekanaje.

Mtani alirudisha fimbo siku hiyohiyo tuliyofika, hakutania. Kesho yake niliingia ghalani nikamkuta kaka amesimama mbele ya ukuta mtupu. Vitambaa vyote vitatu alikuwa amevikunja vizuri na kuvipanga juu ya meza.

"Nitundike kipi?" nikamuuliza.

"Tundika unachokipenda wewe," akasema. "Mimi nitapiga, wewe utakuwa unaniambia umekwenda wapi."

Nikatundika cheupe. Akapiga.

"Umekwenda wapi?"

"Majini, kaka."