Kigae cha Watu Saba

Mwaka ule vyombo vya anga vya Wamarekani, vile vilivyotua kama ndege, viliporuka kwa mara ya mwisho, nilikuwa nikiishi ng'ambo kwa Waarabu, mtaa wa Karama, katika fleti ya mkwe wangu, mume wa binti yangu. Nilisomesha fizikia Unguja, na safari zile nilizifuata tangu ya kwanza, kwa redio, wanafunzi wangu wakiwa wamenizunguka. Nilizifuata pia mbili ambazo watu wake hawakurudi: saba walikufa wakipanda, na saba wengine, miaka mingi baadaye, chombo kilipovunjika vipande vipande kikiwa njiani kurejea. Siku hiyo ya pili sikula.

Ijumaa moja, baada ya chakula, mkwe wangu alileta kigae cheusi kilichofungwa kwa hariri, akakiweka kando ya sinia la biriani. Alidai ni kimojawapo cha vigae vya kukinga moto vilivyofunika chombo kile kilichovunjika kikirejea. Mgeni wetu, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye ofisi karibu na uwanja wa ndege, alitaka kukinunua apambie nacho mapokezi ya ofisi. Vidole vyake vilikuwa bado vina mafuta. Alikipapasa, akakigeuza, akacheka: "Kumbe mbinguni nako kuna spea!"



"Nani kakwambia kuwa ndicho chenyewe?" nilimuuliza mkwe wangu.

"Watu wanaojua, baba."

"Watu gani?"

"Baba, wewe ni mwalimu wa fizikia. Sema neno moja tu, mgeni aridhike. Khalas, yamekwisha."

Hapo nikafahamu kwa nini niliombwa nivae kanzu mpya. Kilichokuwa kikiuzwa ni neno langu, nalo ndilo pekee nililobaki nalo baada ya kazi ya umri mzima. Kigae kikiwa cha kweli, kimeokotwa penye miili ya watu. Kikiwa cha uongo, vifo vyao vimegeuzwa chambo. Sikujua lipi lichafu zaidi.

Nilikinyanyua. Kilikuwa kizito kama cha bafuni. Niliwaeleza kwamba vigae vya vyombo vile ni vyepesi ajabu, kwani sehemu yake kubwa ni hewa, na hata vikitoka motoni vimeiva, mtu huweza kuvishika pembeni kwa mkono mtupu. Kisha nikaenda jikoni, nikakiweka juu ya jiko la gesi. Wote wakanifuata. Kilipokwisha kupata moto, nilikitoa kwa koleo, nikakilaza kando ya sinki.

"Kishike, mwanangu."

Mkwe wangu alikigusa kwa ncha ya kidole, akaruka, kidole mdomoni. Binti yangu, aliyekuwa akiosha vyombo, akageukia dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Nilidhani yamekwisha. Mgeni akasema, "Mashaallah, mwalimu, umenifurahisha! Lakini nani atakayeingia ofisini kwangu na jiko la gesi? Kikipoa, nifungieni." Palepale, mimi nimesimama mbele yake, akampigia simu mwenzake: "Kimepimwa, bwana. Kwa moto! Na mwalimu wa fizikia, mzee mzima, nimeona kwa macho yangu."

Katika maneno yake hapakuwa na hata moja la uongo.

Nilikikamata tena kwa koleo, nikakitumbukiza katika maji ya kuoshea vyombo. Kikatoa mlio, kikapasuka vipande vitatu.

"Mwambie na hilo," nikasema.

Mgeni aliinama juu ya sinki.

"Sasa ndiyo kinafanana na cha chombo kilichovunjika," alisema, akakunja mkono wa shati lake jeupe, akaanza kupapasa vipande majini, kati ya wali na mifupa.