Mkono Uliozoea Upepo wa Ziwa

Uwanja wetu wa kikapu una nguzo mbili, lakini yenye chuma kizima ni moja tu. Chuma cha nguzo ya pili kilipinda siku vijana fulani waliponing'inia hapo ili wapigwe picha, na tangu hapo kila kamati inayoingia inaahidi kukinyoosha. Kwa hiyo timu nzima ilijifunza kutupa kwenye kikapu kimoja, ziwa likiwa mkono wa kulia. Tulifanya mazoezi saa kumi jioni, kila mmoja akishatoka kazini, na saa hiyo hapa Kalemie upepo wa ziwa huwa umeshaamka. Unapiga kutoka kulia na kuusukuma mpira kushoto. Hakuna kocha aliyetufundisha la kufanya. Mkono wenyewe ulizoea kulenga kulia kidogo, kama upana wa kiganja, na upepo ukamalizia kazi.

Mimi ndiye niliyekuwa mtupaji wa mbali wa timu, tena kapteni. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Asubuhi nilikuwa mtu wa biro, mfanyakazi wa ofisi bandarini, nikigonga mihuri kwenye karatasi za mizigo, na hakuna aliyejua jina langu zaidi ya "Mama wa muhuri". Jioni nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa na hasira za karibu, ulimi wangu ulikuwa mkali, na watu walinisamehe kwa sababu mipira yangu iliingia.

Mwaka tuliopanda divisheni kubwa, alikuja msichana kutoka Bendera, ambako baba yake ni fundi kwenye mitambo ya umeme. Uwanja aliokulia uko katikati ya vilima na majengo, na upepo haupiti. Siku ya kwanza alitupa mara kumi na hakuingiza hata mpira mmoja. Akasimama, akatuangalia wengine tunavyotupa, kisha akanisogelea na kuniita yaya, kwa adabu ya mdogo kwa dada mkubwa.

"Yaya, munatupa kandokando ya chuma. Ni upepo njo unaingiza."

Nilicheka kwa sauti, na kapteni akicheka timu nzima inacheka. Nikamwambia, "Chuma yetu tunaijua. Weye jifunze kwanza kuingiza, kisha utatufundisha." Kocha wetu, mzee tuliyemwita Papa, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye reli, alitikisa kichwa tu. Msichana akapewa jezi na nafasi ya mwisho kwenye benchi. Kila jioni alikosa, na kila jioni nilikuwa na neno la kumchekea.

Mechi za divisheni kubwa zilichezewa Lubumbashi, ndani ya ukumbi uliofungwa, kwa awamu mbili. Sisi tulikuwa hatujawahi kucheza chini ya paa. Sakafu ya mbao ilitufurahisha kama watoto, tukawa tunaipapasa kwa viganja. Furaha hiyo iliisha dakika ya tano ya mechi ya kwanza. Mpira wangu wa kwanza ulipita pembeni bila hata kugusa chuma. Wa pili hivyo hivyo. Tulipoteza mechi zote za awamu ile, na watu waliotulipia nauli kwa michango ya kanisa na soko walianza kutuuliza kama tulikuwa tunakwenda kucheza au kutalii. Kocha alisema ni woga. Mwenzangu mmoja alisema tumerogwa. Mimi nilisema ni chakula cha kule. Kamati ilisema jambo moja tu: mkirudi kutoka awamu ya pili bila ushindi hata mmoja, timu inavunjwa.

Wasichana wengine wangepata timu mahali pengine. Mimi, kwa umri wangu, ningebaki na muhuri.

Aliyefumbua fumbo ni mama yangu, ambaye hajawahi kukaa mechi moja mpaka mwisho. Anaanika ndagala pale mchangani, na maisha yake yote ameyapima kwa upepo: ukielekea vibaya, mchanga unaingia kwenye samaki. Jumapili moja alichukua simu yangu, akatazama video ya mechi yetu huku akichambua mchele.

"Kila mpira unaenda kuume," akasema. "Mbona munatupia upepo, na mule muko ndani ya nyumba?"

Nikairudisha video mwanzo. Mimi, kulia. Mwenzangu, kulia. Mwingine, kulia. Timu nzima ilikuwa inauheshimu upepo ulioachwa nyumbani. Na papo hapo nikamkumbuka msichana wa Bendera, ambaye alituambia siku ya kwanza, na ambaye mkono wake ulikuwa umenyooka tangu mwanzo. Mtu pekee aliyefaa kutupa ndani ya ule ukumbi, sisi tulimkalisha benchi kwa sababu alikosa kwenye upepo.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Jibu sahihi lilikuwa kwenda kwa kocha jioni ile ile. Lakini nilijua kocha angefanya nini: angempa yeye nafasi yangu. Kwa hiyo nilimwambia nusu ya ukweli. Nilisema upepo umetupotosha mikono, tufanye mazoezi alfajiri ziwa likiwa limelala. Habari za msichana sikuzitaja. Nikajiambia kwamba hata yeye alikuwepo, kama ana la kusema si aseme mwenyewe. Kana kwamba hakuwa amesema.

Tulifanya mazoezi ya alfajiri wiki nyingi. Mkono wangu ulinyooka polepole, kwa ubishi. Awamu ya pili tulipoteza tena, lakini kwa pointi chache, na watu ukumbini waliacha kutucheka. Ikabaki mechi ya mwisho, dhidi ya timu iliyokuwa hoi karibu sawa na sisi.

Siku ile niliingiza mipira ambayo hata sasa nikiikumbuka natabasamu. Kipindi cha mwisho mchezaji wetu mmoja alitolewa kwa kufikisha makosa matano, na kocha, akiwa hana mwingine, akamwingiza uwanjani msichana wa Bendera. Aliingiza wa kwanza. Akaingiza wa pili. Alitupa bila papara, na wavu ulitikisika bila chuma kuguswa. Benchi letu lilipiga kelele. Mimi pia nilipiga makofi, na ndani yangu kitu kilikuwa kinaniuma.

Zikabaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, mpira mikononi mwangu. "Tupa, Mama!" kocha akapaza sauti. Mabeki wawili walinijia. Kushoto kwangu msichana alikuwa peke yake kabisa, mikono ameshainyanyua. Nilimwona. Sitaki kudanganya kwamba kulikuwa na watu mbele yangu. Nilimwona vizuri, nikatupa mimi.

Mkono ulikuwa umechoka, na mkono uliochoka hurudi kwao. Ulilenga ziwa. Mpira ulianguka kulia kwa chuma, upana wa kiganja.

Kamati haikusubiri hata wiki moja kuivunja timu. Watu walinipa pole kwa wema: kapteni amebeba timu, kapteni alichoka, ndio mchezo. Nilipokea pole hizo zote kama mtu anayepokea barua isiyo yake. Mama peke yake hakunipa pole. Aliitazama video mara moja, akanirudishia simu, akaenda kugeuza ndagala wake.

Baadaye tukasikia timu moja ya Lubumbashi imemwita msichana. Siku mbili kabla ya kusafiri alinikuta uwanjani saa kumi jioni, peke yangu, nikitupa. Siku zile nilikuwa naenda tu, sijui kwa nini. Upepo ulikuwa umeshaamka, na mipira ilikuwa inaingia.

Alisimama chini ya kikapu na mfuko wake begani. Nilitaka kuanza na maneno mazuri ya safari, lakini nikayaacha.

"Siku ya kwanza ulisema kweli," nikamwambia. "Na mimi nilijua mbele ya awamu ya pili kuanza. Sikumwambia Papa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka mfuko chini.

"Yaya, ule mpira wa mwisho. Uliniona?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, au angejifanya ameniamini, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

"Nilikuona."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akaokota mpira uliokuwa miguuni pake na kunirushia, pasi safi ya kifuani, ile ambayo mimi sikumpa.

"Tupa, yaya," akasema.

Nikalenga kulia kidogo, nikatupa. Upepo ukauleta mpira katikati, ukaingia. Tulisimama wawili tukiutazama unadunda mpaka ukatulia, na hakuna aliyepiga makofi.