Kuku wa Mama Mayai Waingia Bungeni

Kabla hajaitwa mheshimiwa, watu walimwita Mama Mayai, na hata sasa ukimwita kwa cheo atageuka taratibu, lakini ukisema "Mama Mayai!" shingo inageuka papo hapo. Jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka mingi alizunguka mitaani na baiskeli ya mumewe, trei za mayai zimefungwa nyuma kwa mpira, akipiga kengele na kutaniana na wauza maziwa. Kuku ndio walioezeka nyumba yake, na kuku ndio waliomfikisha binti yake chuo kikuu. Mumewe, fundi seremala asiye na maneno mengi, hupenda kusema kwamba yeye alijenga mabanda tu. Nyumba ilijengwa na kuku.

Ubunge aliupata kwa sababu watu walichoshwa na mbunge aliyetangulia, ambaye mara ya mwisho walimwona siku anaapishwa, tena kwenye televisheni. Mama Mayai walikuwa wanamwona kila siku, watake wasitake.

Lakini bungeni alikuta mambo mengine. Ukumbi wenyewe, na zulia lake nene na vipaza sauti vinavyochungulia kila meza kama shingo za bata, ulimfunga mdomo. Mtu aliyeweza kumuuzia mayai hata asiyekula mayai, sasa alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, akisikiliza wenzake wakisema "kwa mujibu wa" na "kwa kuzingatia". Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake yeye ilikuwa woga. Aliwahi kuuliza swali moja la nyongeza kuhusu daraja, akaliuliza kwa kasi hata waziri akaomba alirudie. Hakulirudia. Alikaa.

Ndipo ukaja Muswada wa Afya ya Wanyama. Mama Mayai aliusoma ofisini, chumba chembamba alichotumia pamoja na mbunge mwenzake, kocha wa mpira wa zamani ambaye kila mtu alimwita Kocha. Alianza na ukurasa wa tafsiri ya maneno. "Mifugo," muswada ulisema, "maana yake ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na ngamia." Akasoma tena. Akafunua ukurasa wa pili kuona kama orodha inaendelea huko. Haikuendelea.

"Kuku wako wapi?" akauliza kwa sauti.

Kocha akainua macho kutoka kwenye gazeti. "Kuku gani?"

"Kuku wote!"

Halikuwa jambo dogo. Muswada ule uliitaka serikali ifikishe chanjo ya mifugo mpaka vijijini. Kama kuku si mfugo, basi chanjo ya kuku haimhusu mtu, na mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima kwa juma moja, utaendelea kufagia. Mama Mayai aliujua mdondo kama mtu anavyomjua jirani mwizi.

Siku ya mjadala aliomba kuchangia. Spika alipomtaja, Kocha alimpigia makofi ya mezani kabla hajasema kitu. Alianza vizuri, kwa mujibu wa hiki na kwa kuzingatia kile, lakini alipofika kwenye mdondo, zile karatasi alizoziandaa zikasahaulika.

"Mheshimiwa Spika, kuku akishikwa na ugonjwa huu huanza kuzubaa. Halafu mabawa yanashuka, hivi." Mabega yake yakashuka. "Halafu shingo, Mheshimiwa Spika, shingo inapinda hivi!" Akaipinda yake mpaka kilemba kikamwangukia sikioni, huku amekodoa jicho moja kuelekea darini.

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka mawaziri wakaficha nyuso nyuma ya mafaili.

"Mheshimiwa," Spika akasema, na yeye mwenyewe sauti ikimtetemeka, "naomba shingo irudi mahali pake, tuendelee."

Kabla haijarudi sawasawa, mzee mmoja wa viti vya mbele alikwisha simama. Huyu walimwita Kifungu, maana hakuweza hata kuomba chumvi bila kutaja kifungu kinachomruhusu. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Madaktari wa mifugo hawatoshi hata kwa ng'ombe. Leo tunaambiwa wakapige hodi uani kwa kila mtu mwenye jogoo. Je, jogoo naye atapanga foleni?"

Wakacheka tena, na safari hii Mama Mayai akahisi wanamcheka yeye. Muda wake ukaisha. Akaketi, masikio yanamwaka moto.

Jioni ile picha ya video ilikuwa imekwisha zunguka kwenye kila simu. Binti yake alipiga kutoka chuoni akicheka mpaka anakohoa. "Mama, wenzangu wananiuliza kama ni kweli wewe ni mama yangu."

"Umewajibuje?"

"Nimewaambia shingo hiyo naifahamu tangu utotoni."

Mama Mayai naye alicheka, lakini alipokata simu alimwambia mumewe kwamba hatasimama tena. Ameaibika vya kutosha. Mumewe akafikiri kidogo, akasema tu, "Simu inaita." Alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mtu wa salamu ndefu. "Nimekuona," alisema. "Umekosea."

"Najua, mama. Nisamehe, nimewaaibisha."

"Aibu gani? Nasema umekosea shingo. Kuku wako yule mbona mzima kabisa! Kuku wa mdondo hupinda mpaka anauangalia mkia wake mwenyewe."

"Haya, mama."

"Na sikiliza. Tumeangalia hapa kwangu, kina mama wote wa mtaa. Hakuna aliyecheka. Yule jirani yangu mjane, banda lake lilibaki na manyoya matupu, unakumbuka? Alikuangalia, akasema, huyu anasema habari zetu. Sasa kesho utasimama au husimami?"

Kwa mama mkwe kama yule hakuna jibu la pili. "Nitasimama, mama."

Asubuhi yake, badala ya kukimbilia ukumbini, alimfuata Waziri wa Mifugo kwenye chumba cha chai. Waziri alikuwa mwanamke mtaratibu, daktari wa wanyama kwa taaluma, na alipomwona Mama Mayai alitabasamu na kumvutia kiti.

"Dada, ile shingo imenikumbusha mwaka wangu wa kwanza kazini," alisema. "Wala hatukuwasahau kuku. Tuliwatoa. Kifungu amesema kweli, madaktari hawatoshi. Sheria ikiahidi kisichowezekana, watu wataidharau."

Mama Mayai hakutegemea jibu hilo. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado. Alikuwa amekuja kugombana, akakuta hakuna wa kugombana naye. "Lakini chanjo ya mdondo ni tone la jichoni," alisema mwishowe. "Haihitaji sindano. Jirani akifundishwa na daktari, si anaweza?"

"Anaweza, akifundishwa vizuri na chanjo ikikaa kwenye ubaridi. Tatizo ni kwamba sheria haimtambui jirani huyo."

"Basi tumtambue."

Waziri akamtazama, akamwita katibu wa kamati aliyekuwa meza ya pili, na wote watatu wakainama juu ya muswada mpaka chai ikapoa. Yalitoka marekebisho mawili: kuku waingie kwenye maana ya mifugo, na watu waliofundishwa waruhusiwe kuchanja kuku chini ya usimamizi wa daktari.

Bunge lilipokaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu, Spika sasa akiitwa Mwenyekiti, Mama Mayai alisimama na karatasi mkononi. Shingo yake ilikuwa wima kama mlingoti. Hakuigiza kitu. Alieleza kwa maneno yale yale aliyozoea kusema mtaani: kwamba ng'ombe ni wa wachache, lakini kuku yuko karibu kila ua, kwamba mtoto akiugua, kinachouzwa kwanza ni kuku, na kwamba waziri na yeye wamekubaliana jinsi ya kufanya bila kuwachosha madaktari. Safari hii ukumbi ulinyamaza, na ukimya ule ulimtia woga kuliko kicheko.

Kifungu akasimama. Mama Mayai akafumba macho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina pingamizi la uandishi. Neno 'kuku' pekee ni ubaguzi. Bata je? Nyumbani kwangu kuna bata. Mke wangu akisikia nimepitisha sheria ya kuku bila bata, sitapewa chakula. Napendekeza 'ndege wafugwao'."

"Na njiwa?" Kocha akapaza sauti kutoka nyuma.

"Njiwa akilala kwako ni wako," Mwenyekiti akajibu, "akilala kwa jirani ni kesi. Wanaoafiki waseme ndiyo!"

Ile "ndiyo" ilitikisa vioo. "Siyo" ilitoka kwa mtu mmoja, naye baadaye alidai alikuwa anapiga chafya. Mama Mayai alibaki amesimama mpaka Kocha akamvuta gauni akae. Kifungu alipopita karibu yake akitoka, alimpa mkono, akamnong'oneza kwamba siku nyingine amtangulizie nakala, maana koma zake ni janga.

Chanjo ilichukua muda wake kufika, kama mambo yote ya serikali, lakini ilifika. Mtaani kwao mtu wa kwanza kujiandikisha kwa mafunzo alikuwa mama mkwe, ambaye alihudhuria kila siku na kumsahihisha mwalimu pale ambapo mwalimu hakukosea. Jumamosi ya kwanza ya chanjo aliketi uani kwa yule jirani mjane, ambaye alikuwa ameanza upya na vifaranga kadhaa, na majirani wakaja na kuku wao. Kichupa mkononi, miwani puani, mama mkwe akatangaza kwamba anahitaji mtu wa kumshikia kuku.

"Mheshimiwa yupo," watu wakasema.

Mama Mayai akakunja mikono ya gauni lake zuri. Tetea wa kwanza akamponyoka, akapita chini ya meza, akaruka ukuta, na mbunge nyuma yake, viatu mkononi, ua mzima ukishangilia na kumwelekeza pande tatu tofauti. Alirudi akihema, majani kichwani, tetea kwapani.

"Kamata vizuri," mama mkwe akasema bila kuinua macho, akifungua kichupa. "Jicho la kulia. Haya, anayefuata ajiandae."