Kumtafuta Tobias Ogada

Baba yangu, Jackton Ooko, alikuwa karani wa mizani katika shamba la majani chai kwa miaka thelathini na mitatu, na miaka hiyo yote jina halikupita mbele yake likiwa limekosewa. Siku ya harusi ya dada yangu Maxine, keki ililetwa imeandikwa "Maxin". Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, wageni wamekaa, na Baba akawa anazunguka jikoni akitafuta krimu. Ile herufi aliiongeza kwa mkono wake. Ilitoka kubwa kuliko zingine zote, akarudi kuketi ameridhika. Mikahawani husahihisha menyu kwa kalamu kabla ya kuagiza chai.

Alipostaafu alijenga Sigowet, huko Kericho, akapanda chai yake kidogo, kisha akaanza kuandika kitabu cha ukoo wetu. Alinunua daftari gumu jeusi, na kila mtu alipewa mstari wake: jina, alikozaliwa, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Watu wetu walitoka upande wa ziwa zamani kuja kuchuma majani, wakazaana, wakatawanyika, kwa hiyo kazi ilikuwa kubwa. Aliimaliza kwa miezi minne. Mstari mmoja tu ndio uliobaki na shimo, wa baba yake mdogo, Tobias Ogada.

Tobias aliondoka shambani mwaka wa themanini na tatu kwenda kutafuta kazi ya mbao upande wa Londiani. Aliandika barua moja kusema amepata kazi, na baada ya hapo kimya. Miaka mingi baadaye dereva wa lori alipita nyumbani akiwa amelewa, akasema Tobias alishakufa na kuzikwa. Lini? "Juzi juzi, ama mwaka jana." Wapi? "Huko juu." Akaondoka na lori lake.

Dada yake Tobias, ambaye mimi namwita Dani Mellen, yaani Nyanya Mellen, yuko hai, ana miaka sabini na tisa na sauti ya kuamsha mtaa. Baba alipomsomea kitabu na kufika mahali alipoandika "mwaka haujulikani", alimkatiza.

"Futa hiyo."

"Waya, hatujui alikufa lini," Baba akasema. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi.

"Basi nenda ujue. Mbwa ndiye anakufa bila tarehe."

Ndivyo tulivyojikuta, Baba na mimi, kwenye benchi la ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Karani aliyetuhudumia aliitwa Chepngetich, msichana mpole mwenye subira ya ajabu. Alipekua rejista za miaka kumi na mitano.

"Mzee, hakuna Tobias Ogada. Niko na Ogola, niko na Ogutu, na Ogada mmoja, lakini huyo ni mama."

Tulirudi wiki iliyofuata. Safari hii Baba alikuwa na karatasi ya namna zote ambazo mtu mzembe angeweza kuliandika lile jina: Ogadah, Ogatha, Agada, Tobiasi. Chepngetich alizitafuta zote, moja moja. Hakuna.

Mara ya tatu tulikuta foleni ndefu. Askari wa mlangoni, mzee wa Kikipsigis mwenye koti zito, ndiye aliyekuwa akiita watu kutoka kwenye orodha.

"Chakton Ooko! Chakton Ooko yuko wapi?"

Baba alisimama, kidole kiko juu tayari. "Ni Jackton, ndugu yangu. Sio Ch, ni J kama ya..."

Kidole kikabaki hewani. Niliogopa nikadhani presha imepanda.

"Beverly," akaniambia polepole, "huko juu, Tobias alikuwa anaishi na akina nani?"

"Na Wakipsigis, nafikiri."

"Na nani angeenda kuripoti kifo chake?"

Hakungoja jibu. Alimpita askari, akafika kwenye meza ya Chepngetich, akainama kama mtu anayetoa siri. "Binti yangu, nitafutie Topias. P ya pilipili. Topias Okata. K, halafu T."

Chepngetich alimtazama, akatabasamu kidogo, maana mamake, Mkipsigis kama yule askari, pia husema P badala ya B, K badala ya G na T badala ya D. Haikuchukua dakika ishirini. Aligeuza rejista ili Baba asome mwenyewe. Topias Okata. Mwanaume. Umri kama miaka hamsini na minne. Kazi, mpasua mbao. Alifia nyumbani, Kedowa, tarehe kumi na nne Agosti, 1996. Sababu, nimonia. Aliyeripoti, Johana Kiptum, jirani.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mzee, sijui nikwambie pole ama hongera," Chepngetich akasema.

"Niambie zote mbili."

Tulimpigia Dani Mellen tukiwa bado pale nje. Kumbe alikuwa amejichagulia tarehe yake ya kumkumbuka marehemu, na kila tarehe tatu Machi kwa miaka ishirini na saba alimwombea ndugu yake kanisani, akitoa na sadaka.

"Agosti?" akapiga kelele kwenye simu. "Sasa Machi zote hizo nimekuwa nikimwombea nani?"

Kedowa tulienda Jumamosi. Kwa akina mama wanaouza viazi kando ya barabara, Baba aliuliza kwanza kama kuna aliyemjua Tobias Ogada. Wakatazamana. Akameza mate, akauliza tena, "Topias Okata?"

"Ah, Topias wa msumeno!" mmoja akadakia. "Nendeni kwa Mzee Johana, pale kwenye geti la kijani."

Mzee Johana Kiptum alikuwa na miaka themanini na mmoja, kofia ya sufu na mguu mmoja mgumu. Aliposikia Baba ni nani, alimshika mkono na hakuuachilia mpaka wakafika sebuleni. "Karipu, karipu ntani," alikuwa akirudia. "Nimewangoja sana."

Bintiye, Chepkemboi, alileta chai, naye mzee akatueleza. Yeye na Tobias walipasua mbao pamoja. Siku moja gogo lilimbingirikia Johana mguuni, na gari hakuna. Tobias alimbeba mgongoni kutoka msituni mpaka barabarani, akimtukana Kijaluo njia nzima ili asizirai. Tangu siku hiyo Johana akampa chumba kwenye boma lake, na humo ndimo Tobias alimoishi mpaka mwisho.

"Alitulazimisha kula omena, wale dagaa wa ziwani," Chepkemboi akasema. "Mama alikuwa anatoka nje, hawezi hata kuiangalia. Mimi niliipenda. Mpaka leo nanunua."

"Mbona hamkututafuta?" Baba aliuliza, na haikuwa lawama.

"Nilituma tereva wa lori. Akarudi akaniampia amefikisha ujumpe."

"Alifikisha," Baba akasema. "Ila safarini aliupoteza nusu."

Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba la viazi, limezungushiwa ua wa mbao uliochongwa vizuri, na msalaba umechongwa herufi kubwa: TOPIAS OKATA. Nilimtazama Baba. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfuko wa shati, kwenye kalamu.

"Nilienta kwa chifu mwenyewe," Mzee Johana akasema kwa fahari. "Karani akauliza jina. Nikamwampia, Topias Okata. Nikamwampia aantike vizuri, huyu ni rafiki yangu. Hata huu msalapa nilichonga mwenyewe. Kuna mahali nilikosea?"

Ng'ombe wa jirani alilia. Baba alitoa mkono mfukoni, mtupu.

"Hapana, mzee," akasema. "Umeandika vizuri sana."

Njiani, tulipokaribia Kericho, aliniambia kwamba kitabuni ataandika majina yote mawili, moja chini ya lingine, na yeyote atakayeuliza atamweleza mwenyewe.

Tarehe kumi na nne Agosti tulimpeleka Dani Mellen. Alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa na kilemba cheupe. Pale kaburini alimwombea ndugu yake dakika mbili, kisha akamgombeza Kijaluo nusu saa nzima. Hatukumtafsiria Mzee Johana, lakini alikuwa akitikisa kichwa kuunga mkono, kama mtu ambaye naye alikuwa na malalamiko yake ya siku nyingi. Alipochoka, Dani alijipangusa macho kwa ncha ya kilemba na kuuliza chai iko wapi.

Chai ililetwa na kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, mtoto wa Chepkemboi, anayefuga ng'ombe wa maziwa.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Dani akamuuliza.

"Topias."

Dani aliweka kikombe chini. Chepkemboi akaeleza kwamba alimzaa wiki tatu baada ya mazishi, na jina halikuhitaji kujadiliwa. Dani alimtazama kijana kuanzia kichwani mpaka kwenye gamubuti, akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake.

"Kaa hapa. Umeoa?"

"Bado, Dani," akajibu, maana tayari alikuwa amesikia tunavyomwita.

"Bado! Miaka ishirini na minane!" Kabla chai haijaisha, alikuwa amemtajia wasichana wawili wa kanisa lake, tabia zao, kazi zao, na yupi anapika vizuri. Topias alikuwa akicheka huku akimtazama mamake amwokoe. Chepkemboi alimwongezea Dani chai.

Jumapili mbili baadaye kijana alifika kanisani kwa Dani, amevaa shati jeupe, na gunia la viazi begani. Dani alimpeleka benchi la mbele kabisa, akamketisha katikati ya wale wasichana wawili.