Jerusha na Salamu za Barua ya Hasira

Saa mbili asubuhi, Suna, mjini Migori. Jerusha Akoth anapangusa vumbi kwenye taipureta yake, anaingiza karatasi, kisha anamwuliza mteja wake wa kwanza swali ambalo huwauliza wote.

"Tuanze na salamu gani, Mzee?"

"Hakuna salamu," anajibu Mzee Magige, mkulima kutoka upande wa Kuria. Hajaketi hata. "Andika tu: Metrine, mama yako ni mgonjwa, kuja."

Vidole vya Jerusha vinabaki hewani.

Hapa mkabala na posta, mwaka huu wa 1996, Jerusha huwaandikia watu barua kwa shilingi ishirini ukurasa. Kazi hiyo ndiyo imewalea wanawe tangu alipofiwa na mumewe. Wateja wengi hutaka salamu nyingi kama mchanga wa ziwa. Lakini mtu akikosana na mwenzake, salamu hukatwa, na anayepokea huelewa kabla ya kufika mstari wa pili.

"Barua kama hizo nimeziandika nyingi," anasema kwa sauti ya chini. "Nyingi hazikujibiwa."

Metrine, bintiye Magige, aliolewa Homa Bay bila kumwambia baba yake. Huu ni mwaka wa pili hawasemezani.

"Akisoma hivi atajua bado umekasirika," Jerusha anamwambia mzee. "Kweli atakuja?"

"Si nimekasirika? Unataka nidanganye?"

"Usidanganye. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Uso wake umechangamka. Kutoka mkobani anatoa kitabu cha kujifunzia Kigiriki, alichoazimwa na Mchungaji Japheth wa Homa Bay. Amejifunza peke yake, herufi baada ya herufi, kila wateja wanapopungua.

"Ameanza!" anacheka Dorine, muuza mandazi wa jirani. "Mzee, leo utarudi nyumbani ukiongea Kizungu cha mitume!"

"Si Kizungu, wewe! Ni Kigiriki." Jerusha amekwisha kufungua ukurasa. "Mzee, Wagiriki wakiandikiana walianza na neno *chairein*. Furahi. Mfanyabiashara aliandika hivyo, mtoto kwa mzazi hivyo hivyo. Wayahudi nao walitakiana amani. Sasa Mtume Paulo akachukua *charis*, neema, neno la ukoo mmoja na lile la Wagiriki, akaliweka pamoja na *eirene*, ile amani ya Wayahudi kwa Kigiriki. Salamu za watu wa aina mbili, mstari mmoja! Ni kama nikusalimie Kikuria na Kijaluo kwa pumzi moja."

"Na hiyo neema ni nini hasa?"

"Ni zawadi, Mzee. Unampa mtu hata kama hajaistahili."

Magige anakunja uso. "Huyo Paulo hakuwa na binti."

Dorine anacheka mpaka anashika meza. Jerusha hatikisiki.

"Hakuwa na binti, lakini alikasirika! Kuna barua aliandika akiwa na hasira kabisa. Mara nyingi akishasalimu, hushukuru kwa ajili ya watu wake. Katika hiyo shukrani aliziruka, akaanza kukemea. Lakini neema na amani hakuzitoa."

Mzee anavuta kigoda, anaketi.

"Hakuzitoa?"

"Ziko palepale juu."

Mzee anaitazama karatasi tupu.

"Basi weka. Neema na amani. Lakini shukrani, hapana. Hajanipa ya kushukuru."

"Shukrani, hapana," Jerusha anakubali, na taipureta inaanza kulia.

Wiki mbili zinapita bila jibu. Kila asubuhi Jerusha anaangalia barabara ya Homa Bay. Ndipo siku ya soko Mzee Magige anatokea, nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Nilipoona Baba amenisalimu," Metrine anasimulia, "nilianza kufunga mzigo kabla hata sijafika penye habari ya ugonjwa."

Mama yake ameanza kula tena.

Jerusha anapiga makofi kama msichana. Mwezi ujao, anasema, ataanza kwenda Homa Bay kila Jumamosi kusoma Kigiriki na Mchungaji Japheth. Anataka siku moja azisome barua hizo zote jinsi zilivyoandikwa, kuanzia salamu hadi kwaheri.

Mzee Magige anampakata mjukuu wake na kukohoa.

"Leo tunamwandikia mkwe wangu. Salamu kwanza."

"Neema na amani?"

"Hizo hizo." Mtoto ameshika kidole chake, hataki kukiachia. "Na safari hii, mwanangu, weka shukrani."